Afande Baba Mkwe

Kitendawili! Askari gani hukimbia kabla adui hajafika? Usijisumbue, mjini hamfundishwi haya. Ni Fortunata, mke wa mjukuu wangu Ombeni.

Ombeni, bingwa wetu wa filamu za simu, alikuwa anarekodi komedi ya makuruta wa wakati wa vita, hapa Ihanda, katikati ya mibuni. Kwa akili zake nyingi, uafande akampa baba yake, mwanangu Sebastian, na ukuruta akampa mkewe. Kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe usoni, lakini mtaalamu hilo alilisahau.

Kila Sebastian aliponguruma, "Kuruta! Unamwogopa nani, adui au mimi?", Fortunata alikuwa ameshajificha nyuma ya mbuni. Jeshi hodari kweli!

"Jua linazama, mke wangu," Ombeni akalalamika. "Usipojibu sasa, nafasi nampa Witness wa jirani."

Nafasi ile Fortunata alikuwa akiiota tangu masika. Akatoka, akampa afande mgongo, akaupigia mgomba saluti.

"Unamwogopa nani?"

"Adui simjui, afande," akauambia mgomba. "Nakuogopa wewe, baba."