Hata Kamwanga Kadogo

...na ni neno lilelile tena la Kiingereza, glimmer, daktari analitoa kinywani kirahisi kama anatema mbegu ya chungwa, muulize kama na jicho hili linaona hata glimmer, kisha anasimama na tochi yake mkononi anangoja, na wa kulibeba ni yeye mkalimani, yeye aliyebeba maneno ya watu tangu kliniki ifunguliwe asubuhi mpaka ulimi umekuwa mzito kama wa kuazima, miguu imevimba ndani ya viatu, na benchi la nje bado halijaisha... alianza na mwanga hafifu, bibi wa kwanza akamuuliza hafifu ndiyo rangi gani, akahamia kamwanga kadogo, kamwanga kadogo angalau watu wanakaelewa, maana kamusi ya shuleni ilisema kumetameta, na kumetameta ni kwa nyota na magauni ya harusi, nani atamuuliza mgonjwa wa macho habari za kumetameta, nuru nayo inanukia mahubiri, mng'ao ni wa viatu vilivyopigwa rangi... na wenye lugha yao hawaliachi litembee peke yake, hilo ameligundua kwa kulisikia siku nzima, lazima lisindikizwe na hata au na wala, hata hicho kidogo, wala hicho kidogo hakuna, na si kwa taa tu, wanalisema hivyohivyo kwa tumaini, kwa mtu aliyeanza kuvutiwa na jambo, kwa tabasamu linalotaka kuja halafu linaghairi, neno la makombo hili, la kile kilichobaki baada ya vingine vyote kuondoka... daktari anamuuliza kama kuna tatizo, anatikisa kichwa, hakuna, anatafuta tu namna ya kusema, na huo ni uongo mtupu, namna ya kusema anayo, asichonacho ni moyo wa kusema, kwa sababu mzee aliyekaa kwenye kiti hiki ni baba yake mzazi na daktari mgeni hajui, mkalimani haruhusiwi kumkalimania ndugu yake, na yeye amemchomeka kwenye foleni kimyakimya kama mgonjwa mwingine yeyote, wala haikuwa kazi, wazee wote anawaita Baba, nani angeshtuka... na mkalimani haongezi, mkalimani hapunguzi, ndivyo walivyofundishwa, wewe ni bomba, maji yapite, lakini jicho la kulia lilipopimwa bomba liliona kitu, daktari alibonyeza tochi, swichi ikalia ta, mzee akasema, “Naona,” akaulizwa mwanga unatoka upande gani, akasema juu, na kweli ulikuwa juu, daktari akafurahi akageukia meza aandike, na huku anaandika kidole kikabonyeza tena bila yeye mwenyewe kujua, mkono umening'inia, tochi inamulika kiatu chake, ta, na mzee kwenye kiti, kidevu juu, ameketi kama anapigwa picha, akasema tena, “Naona.” Mkalimani peke yake ndiye aliyekiona kiatu kikimulikwa. Na ule upande wa juu je, alijuaje... alijua kwa koti, koti la daktari limepigwa pasi likakakamaa, kila akiinua mkono linachakacha, na masikio yale ni ya fundi redio, miaka yote ile alikuwa anaugundua ugonjwa wa redio kwa mlio wake tu, kabla hata hajaifungua, sasa mlio wa swichi umshinde nini... mzee mjanja huyu, anawaza, mzee ana ujanja wa panya, na papo hapo anaona aibu kumuwazia baba yake panya, lakini hasira imeshampanda, kwa sababu jicho linaloona mwanga linapasuliwa, lisiloona hata mwanga mshipa wake umekufa, kisu hakilifai kitu, mwenyewe amewaambia watu hivyo leo mpaka sauti imekauka, pole mama, pole mzee, hakuna la kufanya, na wameinuka wakashika kuta wakaenda zao, na nafasi ya upasuaji imebaki moja, kesho madaktari wageni wanafunga mizigo, na anayefuata pale benchini ni mama mfuma sweta, macho yake yana utando mweupe ambao hata asiye daktari anauona, utando wa kutolewa akaona, ameshika kijifuko chake cha sindano na uzi mapajani kana kwamba akitoka hapa tu anaendelea kufuma... akinyamaza yeye, jicho hili la kushoto nalo litasema naona, nafasi itakwenda kwa baba, baba atakatwa bure, mama mfuma sweta atarudi nyumbani na kijifuko chake. Akisema, basi yeye, binti, kwa mdomo wake, ndiye atakayemfungia baba yake gizani. Amechoka. Angependa mtu mwingine aje awe yeye kwa muda mfupi tu.

Na kidevu kile, mbona anakijua kidevu kile... si cha mzee, kidevu kile ni chake yeye, ni yeye akiwa mdogo juu ya kigoda pale kwenye karakana, redio zile za zamani zenye vibalbu vya kioo ndani, baba amefungua kifuniko cha nyuma, ameziba mwanga wa dirisha kwa viganja viwili, anamwita, njoo chungulia, unaona kamoto, kamoto kadogo kekundu kale ndani, na yeye akachungulia, akaona vumbi na nyaya, akaona giza, lakini sauti ya baba ilikuwa na hamu kiasi kwamba aliinua kidevu akasema naona, Baba, naona, na baba akacheka mpaka akakohoa, akainua plagi kumwonyesha, hata umeme hajachomeka, we mtoto... akalia kwa aibu, na baba akamfuta machozi kwa kitambaa kinachonuka risasi ya kuchomea nyaya, akamwambia, “Si lazima uone, mwanangu. Siku ukiona utaniambia.” Sasa nani alitaka hili, hebu, nani... baba alisema nimeshazoea, najua kikombe kiliko, najua mlango uliko, niacheni na redio yangu, tena ni mtu anayeogopa sindano tangu zamani, sembuse kisu cha jichoni, aliyetaka ni yeye, yeye ndiye aliyewaambia ndugu zake Baba ataona, yeye ndiye aliyemfulia shati hili, njia nzima amemshika mkono akimwambia utaona, Baba, safari hii utaona, akimwambia kwa sauti ileile iliyojaa hamu, na mzee wa watu ameketi hapa, amekaza masikio, anasubiri swichi ilie ili asimvunje moyo mtoto wake. Si ujanja. Mungu wangu, si ujanja hata kidogo, anaona kwa ajili yangu... na hasira inamtoka yote, inabaki huruma, na uchovu, na baba.

Daktari anajikohoza. Yuko palepale, tochi palepale mbele ya jicho la kushoto, nje kijifuko cha mama mfuma sweta kinafunguliwa na kufungwa, na mzee kidevu bado kiko juu, mishipa ya shingo imemsimama kwa kusikiliza. Haongezi, hapunguzi, ndivyo walivyofundishwa. Mkalimani anainama mpaka karibu na sikio lile.

“Baba,” anasema polepole, “si lazima uone.”

Daktari, akidhani swali limefika, anainua mkono, koti linachakacha, swichi inalia ta. Kidevu cha mzee kinashuka taratibu. Tochi inawaka, daktari anangoja jibu, na mzee hasemi naona, ameugeuza uso kule sauti ya binti yake ilikotoka.