Tuliwangoja Watu wa Merti

Mimi Abdinur ni mtu wa hasira, sikatai, na siku ile Habibo alinipandisha hasira kuliko mtu mwingine yeyote hapa Isiolo. Siku hizi nikimwona sokoni nasimama kumsalimia kabla hajaniona.

Katika chama chetu cha chesi, chenye klabu za mjini, Kinna na Merti ya mbali, mwenyekiti hakuwa akichaguliwa, alikuwa akipitishwa. Saa nane kamili mtu anauliza, "Tumpitishe fulani?" Watu wanapiga makofi, chai inaletwa. Wachezaji wa Merti, waliopanda lori la mbuzi tangu alfajiri, wanafika na kukuta birika tupu na viongozi tayari. Habibo, mama aliyekuwa katibu wetu, alipigania jambo hilo mwaka mzima hadi sheria ikaandikwa: kura iwe ya siri, na kila klabu ingojewe mpaka saa kumi na moja.

Sasa, mwaka huohuo akagombea uenyekiti yeye mwenyewe. Mpinzani wake alikuwa Mamo, mzaliwa wa Merti anayeishi mjini, aliyewafundisha wenzake wa huko chesi.

Saa nane tulikuwa watu kumi na tisa katika ukumbi wa mtaa wa Kiwanjani, wa mjini na wa Kinna. Nilipiga hesabu: kumi na mmoja wa Habibo, mimi nikiwemo, wanane wa Mamo. Wanne wa Merti walikuwa wamekwama njiani, lori limepasuka tairi. Nikamvuta Habibo kando.

"Tupige kura sasa. Hata Mamo mwenyewe hajadai tungoje."

"Saa kumi na moja, Abdinur."

"Wale wanne wote ni wa Mamo."

"Najua. Nilihesabu kabla yako." Kisha akamwambia mpishi aweke chai ya watu wanne.

Wallahi nilitaka kubeba ubao wangu wa chesi niende nyumbani. Nilikaa nje nikitazama barabara, nikiomba jambo ambalo Mwislamu hafai kuomba juu ya tairi la mwenzake.

Lori likafika saa kumi na dakika hamsini. Wakashuka na vumbi mpaka kwenye kope.

Tulipiga kura kwa askari, vile vipande vidogo vya chesi vinavyopangwa safu ya mbele. Kila mtu alipewa wawili, mweupe wa Habibo na mweusi wa Mamo. Anaingia nyuma ya pazia, anatia mmoja kwenye mkebe wa kura na wa pili kwenye mkebe wa masalio, ili hesabu moja iikague nyingine. Mimi ndiye niliyehesabu, nikimwinua kila askari juu watu wote waone.

Weupe kumi na mmoja. Weusi kumi na wawili.

Nilirudia mara tatu. Mkebe wa masalio nao ukathibitisha: weupe kumi na wawili, weusi kumi na mmoja. Nilipoanza kuhesabu tena, Habibo akasimama, akalitangaza jina la Mamo yeye mwenyewe, kwa sauti ambayo hata wa mlango wa nyuma waliisikia.

Watu walipokuwa wakimpongeza Mamo, mzee Galgalo wa Merti alimwendea Habibo polepole, kofia mkononi.

"Mama, sikukupigia wewe. Mamo ni mtoto wetu," alisema. "Lakini miaka sita nakuja hapa, na leo ndio mara ya kwanza nimepiga kura. Hiyo umenipa wewe."

Habibo alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Halafu akamuuliza kama wamekula.