Bwana Subiri wa Duara la Mama Ghati

Boksi la Enock, fundi umeme, lilipewa jina kabla halijamaliza wiki pale machimboni, nje kidogo ya Kharumwa: Bwana Subiri. Umeme ukipanda ghafla, linakata. Ukirudi, linangoja kwanza dakika tano uwe na adabu, ndipo linauruhusu uguse mota. Enock alilibuni kwa ajili ya friji za baa, na bia za Kharumwa zilimshukuru. Basi Mama Ghati, mwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, alipochoka kuunguza mota za feni inayosukuma hewa chini kwa wachimbaji, akamwita.

Desturi ya pale, anayefunga matimba, yale magogo ya kuzuia udongo, ndiye anayetangulia kushuka chini yake. Enock alipomaliza kufunga boksi, Amosi, mchimbaji, akamnyooshea kamba.

"Karibu chini, fundi."

"Hili si gogo, kaka. Hii ni akili."

Watu wakacheka. Akashuka Amosi.

Siku ya tatu, Amosi akiwa chini na feni ikiwa bado inafukuza moshi wa baruti, umeme ulikatika. Ukarudi kwa kishindo, ukazima, ukarudi tena. Duara la jirani mota ilitoa moshi mweusi, ikanyamaza. Feni ya Mama Ghati ilikuwa salama. Imesimama, lakini salama.

"Litoe hilo boksi! Unganisha moja kwa moja!" Mama Ghati alifoka.

"Mama, mota ikiungua hatutakuwa na hewa kabisa. Bado kidogo."

Hapo ndipo Enock alipoona kitu ambacho friji hazikuwahi kumwonyesha. Kila umeme ulipocheza, Bwana Subiri alianza kuhesabu upya. Na umeme ulikuwa unacheza tu.

Mama Ghati akaivuta kamba. Walikuwa wamekubaliana kwamba aliye chini hujibu kwa kuvuta mara moja. Kamba haikujibu.

Walimpandisha Amosi kwa winchi, akining'inia kwenye mkanda wake kama nguo iliyoanikwa. Wakampepea, wakammwagia maji, wakaliita jina lake. Enock alisimama pembeni, mikono haijui pa kukaa. Hatimaye Amosi akakohoa, akafumbua macho, akamtafuta fundi.

"Mota nzima?"

"Nzima," Enock alisema.

"Wabeja sana, fundi. Asante, na hongera."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Enock aling'oa boksi, akaenda nalo. Aliporudi lilikuwa na kengele ya kuonya umeme ukikatika, na pembeni feni ndogo ya betri, ya kupuliza wakati Bwana Subiri anasubiri. Hakueleza mengi. Alivaa mkanda, akamgeukia Amosi.

"Nifunge kamba, kaka."

Amosi akamfunga, akakaza fundo hadi Enock akaguna. "Na swichi ya umeme nashika mimi," alisema.

Chini kulikuwa na joto, na giza lililozidi uwezo wa tochi. Kengele ililia. Feni kubwa ikafa, na kimya chake kikamkaa Enock kifuani. Kisha upepo mwembamba ukamgusa shingoni. Kamba ikavutwa, akaivuta mara moja.

"Nimekusikia!" Amosi aliita kutoka juu. "Sasa subiri, fundi. Bado kidogo."

Enock akakaa juu ya mawe, akasubiri.