Kitambaa cha Benchi la Tatu

Vumbi liliingia na jua kwa dirisha la mashariki, likaelea juu ya mabenchi kama mgeni asiye na pa kwenda. Mfagiaji wa kanisa alisimama mlangoni na ndoo yake, akalitazama. Miaka thelathini amelifukuza, miaka thelathini linarudi.

Walikuwa wawili, yeye na dada yake. Mmoja aliomba, mmoja alifagia.

Ndivyo walivyogawana tangu ujana, jinsi wengine wanavyogawana kupika na kuosha vyombo. Kila Jumamosi dada alipiga magoti kwenye benchi la tatu, midomo ikimcheza, na mdogo mtu akapita kando na ufagio. Mdogo mtu aliwaogesha wagonjwa, dada akawaombea. "Na mimi niombee," alizoea kusema mfagiaji, "mwenzio nina kazi." Dada alikuwa akicheka: "Usijali, mdogo wangu. Nitakuingiza mbinguni kwa mlango wa jikoni."

Wakataniana hivyo mpaka uzeeni. Kifo hakina utani.

Sasa ni wiki ya saba tangu dada azikwe. Nyumbani kuna vikombe viwili, na kimoja hakiloi tena. Anaongea na sufuria. Upweke umemkaa kooni kama mwiba wa samaki, haushuki, hautoki. Tena kuna linalomtisha kuliko upweke: aliyemwombea hayupo, na yeye hajui kuomba. Mikono anayo, migumu kweli kweli, lakini imani alimwachia dada amtunzie. Je, dada ameondoka nayo? Je, ndiyo hawataonana tena?

Mmoja aliomba. Mmoja anafagia.

Alipofika benchi la tatu alishtuka. Lina vumbi! Miaka yote hiyo hakuwahi kulifuta. Kila mara alilikuta safi, akapita, akidhani maombi ya dada yanalitosha. Alipitisha kidole, mstari ukabaki.

Akainama kuchungulia chini yake. Palikuwa na kitambaa kilichokunjwa mara nne, kimebanwa kwenye ubao. Alikitambua: kipande cha gauni lake mwenyewe la zamani, lile la maua ya bluu. Kilikuwa cheusi kwa kufuta.

"Mjanja wewe!" akasema kwa sauti. "Kumbe ulikuwa unanipunguzia kazi, wala hukusema."

Machozi yakamtoka, hakuyazuia. Dada alifuta akishaomba, au aliomba akifuta, nani ajuaye? Ule mgawanyo wao, mwenzake hakuwahi kuufuata.

Basi akafuta. Alianzia upande wa ukutani, akaja taratibu, na ili aufikie ubao wa chini ikambidi apige magoti. Mto wa kupigia magoti ulikuwa umebonyea sehemu mbili. Magoti yake yakaingia humo, yakaenea.

Maneno ya dada hakuwa nayo, akatumia yake. "Bwana, ni mimi, yule wa ufagio. Dada yangu amefika? Mwambie kitambaa nimekiona. Na mimi nakuja. Ila huo mlango wa jikoni siujui. Nifungulie wowote."

Kanisani bado alikuwa peke yake. Lakini hakuinuka.

Vumbi alilolitimua lilipanda kwenye mwanga, likazunguka, kisha likashuka polepole, likamtua mabegani. Safari hii hakulipangusa.