Imbwa ya Nyonga Mbovu

Simone alikataa kabla hata hajaulizwa. Alimuona Misozi, dokta wa wanyama, anapita katikati ya meza za samaki na ile imbwa kwa kamba, akaweka chini kikombe cha kupimia chisense, wale dagaa wake, akasema, "Hapana, hapana, mara mia hapana." Ndivyo alivyo Simone. Tangu avuke mpaka kutoka Pweto, Kongo, na mutoto mugongoni, amejifunza kufunga mulango kabla upepo haujafika.

Imbwa yenyewe ilikuwa nzuri, tusidanganyane. Ilikuwa ya ile mbegu ya kizungu, ya maaskari, masikio wima, mugongo mweusi, macho ya mutu aliyesoma. Muzungu mumoja wa kutengeneza barabara aliileta hapa Nchelenge, upande wa Zambia. Kazi ilipokwisha akapanda gari na masanduku yake, imbwa akaiacha imefungwa getini. Eti atatuma mutu aje kuichukua! Misozi aliikuta mbavu nje, shingo imechunwa na mnyororo, akaipeleka kwake. Sasa serikali ilikuwa imemuhamishia Kasama, kwenye nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki wanyama, na gari lilikuwa la Ijumaa.

"Bana Débora, unisikilize kwanza, mukwai," Misozi alisema. Yeye ni mutu wa mkoa wa Mashariki, Kibemba alijifunza ukubwani, Kiswahili alikiokota sokoni, na anavichanganya bila haya, bana kwa mama, mukwai kwa tafadhali. "Sikufichi kitu. Mbegu hii ina maradi yake. Nyonga zinakuwa mbovu tangu tumboni mwa mama yao. Hii bado ni kijana, inatembea, lakini nimeishika, nimesikia mifupa inasagana. Pengine baada ya miaka mitatu, pengine minne, miguu ya nyuma itakataa. Dawa ya kuponyesha hakuna. Iko tu ya kupunguza maumivu."

"Na kama hakuna mutu wa kuichukua?" Simone aliuliza.

"Nitaichoma sindano mimi mwenyewe, ilale. Siwezi kuiachia njaa tena."

Hapo Débora alikuwa amekwisha kuchuchumaa na kukishika kichwa cha imbwa kwa mikono miwili. Débora ni mutoto pekee wa Simone, ana miaka kumi na tano, mwembamba, macho ya manjano kidogo. Kila siku ya soko alikuwa anakwenda kukaa na ile imbwa nyuma ya ofisi ya Misozi, kwa sababu wasichana wenzake wanakimbia na yeye hakimbii. Akikimbia, akipigwa na baridi, akisahau kunywa maji, mifupa inawaka moto. Ni maradi ya damu, yale madaktari wanaita SS, selimundu. Nyumbani kwao hayatajwi kwa jina. Wanasema tu "ile kintu."

"Inajua jina langu, mama," Débora alisema.

"Ijue jina ya nani, mi sitaki!" Simone aliwaka, na ulimi ukamponyoka. "Misozi, unanitakia nini weye? Mutu anaona kilio kinakuja mu barabara, anakiita, karibu, ingia, ikala? Kama unajua itateseka, kama iko mu damu yake, heri isiingie ku nyumba hata siku moja!"

Wanawake wa meza za jirani waligeuza macho. Hata Beauty, muuza mafuta ya kupikia, ambaye mdomo wake haujui likizo, aliinama akajifanya anatafuta chenji. Simone aliyasikia maneno yake mwenyewe, akatamani kuyameza. Wapi! Maji yakimwagika hayazoleki.

Débora akakiachia kile kichwa taratibu, akasimama, akajikung'uta sketi. "Twende ku nyumba, mama. Jua kali."

Njia nzima ya kurudi kwao Kafutuma Simone alitafuta neno. Mwishowe akamununulia Fanta. Débora akainywa, akasema asante, na ile asante ndiyo iliyomuuma Simone kuliko kama angetukanwa.

Nyumbani Simone alisonga bukari, mutoto akakaa kwenye kigoda akichambua samaki. Ndipo alipouliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mutu anayeuliza chumvi iko wapi.

"Mama, niulize kitu. Lakini usiniimbie ya kanisa."

"Uliza."

"Docteur wa Pweto aliwaambia nyinyi wawili muko nayo mu damu. Papa akasikia, akaenda. Weye ulibaki, juu nilikuwa nimekwisha kuzaliwa. Ungenipeleka wapi? Lakini kama alikuambia mbele, kabla ya mimi. Ungenikubali?"

Simone aliuacha mwiko ndani ya sufuria. Jibu tamu lilikuwepo, tayari, watu humupa kila Jumapili: mutoto ni zawadi, Mungu hakosei. Barthélemy mume wake alilisema hilo hilo, zawadi, zawadi, kisha akaenda Lubumbashi kutafuta mwanamke wa damu nyingine, na mama mukwe wa Simone akamupigia vigelegele. Simone alimutazama mwanawe. Aliona kwamba akimudanganya leo, mutoto huyu hatamuuliza tena kitu.

"Ningekataa," alisema. "Kama mutu alisimama pale akanihesabia yote, maumivu, hospitali, damu ya kuongezwa, papa yako kuenda, ningesema hapana. Ningeogopa, Débora. Na ningekosa! Ningezeeka nikijisifu niko na akili, na singejua hata siku moja ni nani nilimufukuza." Alikuwa analia bila kujificha. "Nakupenda mpaka naogopa. Njo vile niko."

Débora aliitikia kwa kichwa polepole, kama mutu aliyebeba ndoo tangu sokoni na sasa ameitua.

"Asante kunisemea kweli," alisema. "Lakini ile imbwa, mama, sikuitaka yangu."

"Ya nani sasa?"

"Yako." Hakuinua macho kutoka kwenye samaki. "Siku moja nitaenda mbele yako. Usikatae, tumesema hatuimbi ya kanisa. Ile siku batu batajaa hapa, batalia, batakula, kisha batarudi kwabo. Weye utabaki peke yako unasikiliza mabati. Nataka kuwe na kitu humu ndani kinapumua."

Simone alitaka kumukaripia. Alitaka kusema nyamaza, usijitabirie, shindwa kwa jina la Yesu. Alifungua mdomo, kikatoka kilio tu. Bukari ilikuwa inaungua chini, harufu imejaa nyumba nzima, na hakuna aliyeinuka.

"Na kama ikienda yenyewe mbele yako?" aliuliza mwishowe.

"Basi tutaizika sisi wawili. Tutajifunza."

"Weye mutoto!" Simone alisema, akacheka na machozi yake, akamuvuta mwanawe kifuani, pamoja na mikono yake ya samaki. "Roho ya mzee iliingia wapi mu kimwili kama hiki?"

Asubuhi Simone alikwenda peke yake kwa Misozi. Vitu vilikuwa vimekwisha kufungwa, godoro limeegemezwa ukutani. Imbwa ilikuwa imelala kivulini. Ilipomuona ilijaribu kusimama. Sehemu ya mbele iliinuka upesi, ya nyuma ikachelewa kidogo, kisha nayo ikafika. Misozi akaanza kushukuru, mukwai hapa, mukwai pale, lakini Simone akamukata.

"Shukrani weka kwanza. Siku miguu itakataa, naitoa inje namna gani? Hii ni nzito."

"Awe, hapana, Bana Débora, hiyo bado. Si unaona inatembea?"

"Naona. Mi si kipofu."

Misozi akachuchumaa kando ya imbwa. "Unapitisha kitambaa chini ya tumbo, hapa, karibu na mapaja," alisema. "Unashika ncha mbili juu ya mugongo, unainua. Ya mbele itajitembelea yenyewe. Wewe unakuwa miguu ya nyuma."

Simone alifungua kitenge cha juu kiunoni mwake, akapiga magoti mchangani, akaweka mukono kwenye ubavu wa imbwa. Ulikuwa wa moto, unapanda na kushuka.

"Nionyeshe," alisema. "Nionyeshe sasa, ikiwa bado inatembea."