Mbinu Iliyoitwa Darlene

Msimu uliopita watu wa Marlow walipenda kutania kwamba Garrett Lindqvist, mrushaji wa timu yao ya futiboli ya Kimarekani, angeweza kurusha mpira akiwa amefumba macho, kwa sababu kule mbele alikuwapo Lamont Pruitt, na Lamont alikuwa na miguu ya kuufikia mpira wowote. Kisha chuo kikuu kimoja tajiri cha kusini kikamchukua Lamont, kikawabeba na walinzi wawili waliomkinga Garrett akirusha, na chuo kidogo cha Marlow, katikati ya mahindi ya Nebraska, kikabaki na jezi zisizo na wenyewe.

Pale Marlow kila mbinu ya kushambulia iliitwa kwa jina la mama wa kijana aliyefunga nayo mara ya kwanza. Tamu kuliko zote ilikuwa Darlene, jina la mama yake Lamont. Lamont alichomoka pembeni, akakata ndani ghafla, na Garrett akaurusha mpira mahali ambapo bado hapakuwa na mtu. Kijana akihama, jina la mama yake hubaki mpaka kijana mwingine afunge kwa mbinu ileile. Hapo mama wa zamani hufutwa kwenye ubao wa chumba cha kubadilishia nguo, akaandikwa mpya.

Mwaka huu walipigwa kila Jumamosi. Nafasi ya Lamont alipewa Nico Barrera, kijana wa mwaka wa kwanza ambaye mama yake, Ofelia, alifanya kazi kwenye kiwanda cha nyama. Nico alikuwa na mikono ya kudaka hata nzi, ila mbio za Lamont hakuwa nazo. Kila Darlene ilipoitwa, mpira ulianguka mbele yake, na majukwaa yakaguna. Yalimgunia Nico. Garrett alijua kosa ni la nani, akanyamaza, akamwachia mtoto wa watu lawama.

Kabla ya mechi ya mwisho Kocha Strand alimvuta kando.

"Unamrushia nani mpira, Garrett?"

"Nico, Kocha."

"Acha zako. Unamrushia Lamont, na Lamont yuko kusini huko anakula mbavu. Ukirudia Jumamosi, nitamweka Nico benchi, na mji mzima utasema ni uzembe wake."

Maneno yale yalimchoma. Tangu mwaka wa kwanza yeye na Lamont walikaa chumba kimoja. Jioni za kiangazi walibaki uwanjani wawili tu, upepo ukileta harufu ya mazizi ya ng'ombe, na Lamont alikuwa akipiga kelele "Ninao!" mpira ukiwa bado angani. Pengo lake lilimuuma Garrett kuliko vipigo vyote vya msimu. Kufupisha mpira ule aliona ni kumzika rafiki aliye hai.

Jumamosi, dakika za mwisho ziliikuta Marlow nyuma kwa pointi nne. Kocha akaita Darlene. Mkono wa Garrett ulitaka kurusha mbali, kama ulivyozoea. Akajilazimisha kumtazama Nico, hasa kumtazama, akaona mwendo wake halisi, na akarusha mpira mfupi usio na madaha yoyote. Nico akaudaka, akaanguka nao ndani ya mstari wa goli: pointi sita, na mechi ikawa ya Marlow.

Baada ya mechi, Garrett mwenyewe ndiye aliyefuta jina la Darlene ubaoni. Wenzake walikuwa bado wakirukaruka chumbani humo simu yake ilipolia. Alikuwa Lamont.

"Nimeona matokeo, kaka. Mmefunga kwa mbinu gani?"

"Darlene." Garrett akasita. "Sasa inaitwa Ofelia."



"Haya, ni haki yake," akasema Lamont. "Huku mbinu zote ni namba tu. Na mpaka leo sijaitiwa hata moja."