Kosa la Karai

"Mchukue," dobi alimwambia mlinzi wa ghala, akamkabidhi mtoto wa mbwa na kamba yake. "Usinibembeleze. Nimechoka."

"Mbona mzuri hivi?"

"Mzuri wa sura tu. Nyumba inanuka mkojo. Jana mteja kanirudishia mashuka, ananiuliza nimeyafua au nimeyachafua!"

Mbwa mwenyewe aliitwa Karai. Siku baba yake dobi alipomwokota jalalani, mtoto huyo wa mbwa aliingia kwenye karai bovu la kufulia akalala humo kama amelilipia kodi. Dobi alimfundisha kwa bidii: akila, nje; akiamka, nje; akikojoa kwenye nyasi, kipande cha mkate na sifa tele. Karai alielewa upesi, hata akawa anakwaruza mlango mwenyewe. Ndiyo maana kidimbwi cha mkojo alichokikuta kila mara kando ya kiti cha baba kilimtia dobi wazimu. Mbwa anajua, halafu anafanya makusudi! Juzi alimchapa kandambili, na mnyama akajikunyata chini ya meza asijue kosa lake.

Asubuhi hii, wakati anamtoa kumpeleka ghalani, baba alifumbua mdomo.

"Unasemaje, baba?"

"Hamna kitu, mwanangu. Rudishia mlango, kuna upepo."

Zamani baba alikuwa dereva wa malori makubwa, mtu wa vicheko hadi nyumba ya tatu. Siku hizi magoti yalimgomea, na choo kilikuwa nyuma ya ua. Ila alikuwa na bidii mpya: suruali zake alizifua mwenyewe, eti si vizuri kumtwisha binti. Dobi alicheka sana. "Nimepata mshindani wa biashara," aliwaambia wateja.

Aliporudi kutoka ghalani alifua, akasuuza, akaanika. Jua lilipokuwa utosini aliingia ndani kuchukua vibanio. Kidimbwi kilikuwa pale pale. Kwa mazoea alipiga magoti, akakifuta. Kilikuwa bado cha moto.

"Karai huyo tena," alisema baba.

Dobi aliinua uso. Baba naye alikuwa ametazama chini ya meza, mahali pasipokuwa na mbwa, na hapo akakumbuka. Mdomo ulibaki wazi. Polepole alivuta kanga iliyokuwa begani mwa kiti, akajifunika mapaja.

Yeye dobi, anayejua doa la mchuzi na doa la kutu kwa kugusa, amekaa na hili wiki hizi zote asilijue! Aliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya baba. Ilikuwa ya ile kandambili. Alikamua tambara ndooni, akatoka.

Ghalani, mlinzi alimpokea kwa kicheko. "Kumbe umenipa mstaarabu! Kakwaruza geti tangu asubuhi, hadi nimtoe ndipo akojoe."

"Nilimsingizia."

"Sasa nani alikuwa—"

"Nirudishie mbwa wangu, kaka yangu."

Alimkuta baba amebadili suruali, amekaa wima sana. Karai alimrukia magotini, na mzee akamshika kwa mikono miwili bila kumtazama binti yake.

"Baba," alisema dobi, akikunjua mashuka yaliyokwisha kukunjwa vizuri, "mimi kutwa mikono ina povu. Kazi ya kumtoa Karai nakuachia wewe. Kila ukisikia nimemwaga maji ya karai, mtoke. Mpitishe kule chooni, anapapenda."

Baba alimkuna Karai nyuma ya sikio.

"Na akichelewa?"

"Maji yakimwagika hayazoleki, baba. Ila tambara la deki ninalo."

Asubuhi iliyofuata alimwaga maji ya kwanza kwa kishindo kikubwa kuliko ilivyohitajika. Kisha alitandaza shuka pana kambani, akasimama nyuma yake ili asione. Alisikia mlango, fimbo, kucha ndogo juu ya saruji, kituo kidogo, kisha fimbo tena. Mlango wa choo ulilia. Dobi alikuwa ameuma kibanio bila kujua.

"Tumewahi," ilisema sauti ya baba kutoka upande wa pili wa shuka.

Dobi alipapasa mfukoni mwa aproni, akapitisha kipande cha mkate chini ya shuka. Pua yenye unyevu ikakipokea.